Mashua, wingu na wanafunzi wa St. Louis: kisa cha maneno 40 ya Kiswahili

Februari 2008 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala fupi ya wanasaikolojia wawili wa kumbukumbu, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger. Ni kurasa tatu tu. Ndani yake wamo wanafunzi wa Washington University, mjini St. Louis, jimbo la Missouri, wameketishwa mbele ya kompyuta wanajifunza Kiswahili. Hawafundishwi kusalimiana wala kuuliza bei ya nyanya. Wanapewa maneno 40, kila neno na maana yake kwa Kiingereza, basi. Mashua ni mojawapo.

Kiswahili kilichaguliwa kwa sababu za kikazi kabisa. Wanafunzi wale hawakukijua, kwa hiyo wote walianzia sifuri. Papo hapo, kinaandikwa kwa herufi walizozizoea, na hata asiyekijua anaweza kulitamka neno lake bila kung'ata ulimi. Tena orodha ilikuwepo tayari: mwaka 1994 Thomas Nelson na John Dunlosky walichapisha jozi 100 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza, zikiwa zimepimwa ipi inashikika upesi na ipi inasumbua. Tangu hapo lugha yetu imekuwa kama panya wa maabara katika utafiti wa kumbukumbu. Wengi wetu hatuna habari, na ni bahati mbaya, kwa sababu kilichoonekana kwenye maneno yale 40 kinagusa moja kwa moja namna tunavyofundisha na namna watoto wetu wanavyopiga msuli usiku wa kuamkia mtihani.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza mwanafunzi anasoma: mashua na maana yake vinakaa kwenye kioo sekunde 5, linakuja neno jingine, mpaka yote 40 yapite. Kisha anapimwa: linatokea neno mashua peke yake, ana sekunde 8 za kuandika maana. Hakuna anayemwambia amepata au amekosa. Baada ya hapo anarudi kusoma, anapimwa tena, anasoma, anapimwa, hadi ametimiza awamu nne za kusoma na nne za kupimwa.

Mpaka hapo wote ni sawa. Tofauti inaanza pale mwanafunzi anapolipata neno kwa mara ya kwanza. Tuseme ameandika maana ya mashua bila kosa. Neno hilo lifanywe nini katika awamu zinazofuata?

Kikundi cha kwanza waliendelea kulisoma na kupimwa kama kawaida, pamoja na mengine yote. Kikundi cha pili, likishapatikana, hawakulisoma tena, lakini kila awamu ya kupimwa walikutana nalo. Cha tatu walifanya kinyume: waliendelea kulisoma kila awamu, ila hawakupimwa tena. Cha nne walilitoa kabisa, halisomwi wala halipimwi, wakabaki wanapambana na yale yaliyowashinda. Hiki cha nne ndicho kinachofanana na mwanafunzi yeyote mwenye akili timamu anayebana muda wake. Anatia alama ya vema pembeni ya swali, anasonga mbele. Nani anapoteza muda na kitu ambacho ameshakijua?

Siku ile ile vikundi vyote vilipanda kwa mwendo mmoja. Ukichora mistari ya maendeleo yao, inakaribia kulaliana. Kufikia mwisho wa zoezi karibu kila mwanafunzi alikuwa ameshayapata maneno yote 40. Mwalimu ambaye angetoa mtihani jioni ile angeona darasa zima limepasi, angefunga daftari la alama na kwenda nyumbani akiamini njia zote nne zinafaa. Nasisitiza hapa kwa sababu ndivyo tunavyopima sehemu kubwa ya kazi yetu: zoezi la mwisho wa kipindi, jaribio la Ijumaa juu ya mada ya Jumatano. Kwa kipimo cha namna hiyo, tofauti iliyokuwa inajengeka haionekani.

Kabla ya kuondoka, wanafunzi waliulizwa: mkirudi wiki ijayo, mtakumbuka mangapi kati ya 40? Vikundi vyote vilitabiri takriban maneno 20. Hakuna kikundi kilichojiona kiko mbele ya kingine wala nyuma.

Wiki moja baadaye walirudi. Kikundi cha kwanza walikumbuka kama asilimia 80. Cha pili, walioacha kusoma lakini wakaendelea kupimwa, asilimia 80 vilevile. Cha tatu, walioendelea kusoma bila kupimwa, asilimia 36. Cha nne, 33.

Sasa acha pembeni cha kwanza na cha nne, uviweke mezani cha pili na cha tatu. Hawa walitumia nguvu zinazokaribiana: jumla ya mara walizokutana na maneno, kwa kusoma na kupimwa, haikupishana sana. Huwezi kusema kimoja kilifanya bidii na kingine kilizembea. Tofauti ni kwamba wale wa pili, kila awamu, waliulizwa maana ya neno walilokuwa wameshalipata, wakalazimika kuitoa kichwani. Wale wa tatu waliletewa jibu limeshaandikwa, wakalitazama sekunde 5. Wiki moja baadaye, wale wa pili wana maneno zaidi ya mara mbili ya wale wa tatu.

Kisha rudi kwa kikundi cha kwanza na cha pili. Cha kwanza walisoma maneno yote 40 katika kila awamu. Cha pili walipunguza kusoma kadiri walivyoyapata. Matokeo yakawa sawa. Kule kusoma kwa ziada, baada ya neno kupatikana mara ya kwanza, hakukuongeza kitu kinachoonekana. Ukimwambia hivyo mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekesha akirudia notsi zilezile kwa peni nyekundu na ya bluu, atakuona unamkatisha tamaa. Bidii yake ni ya kweli. Imeelekezwa mahali pasipolipa.

Ule utabiri wa maneno 20 nao hauniishi hamu. Walitabiri sawa kwa sababu siku ile wote walijisikia sawa: neno linakuja upesi, unaliandika, linakubali. Wepesi huo ndio tunaouita kujua, na ndio unaotufanya tufunge kitabu. Wenye asilimia 80 wiki ijayo na wenye 33 wana hisia ileile kifuani. Mwanafunzi hawezi kujichungulia akaona yuko kundi gani. Wala si jambo la wanafunzi wale peke yao. Mwaka 2009 Karpicke, Andrew Butler na Roediger waliwauliza wanafunzi 177 wa chuo hukohuko wanavyojisomea. Asilimia 84 walitaja kurudia kusoma. Waliotaja kujiuliza na kujikumbusha bila kutazama walikuwa asilimia 11.

Kuna kosa mtu anaweza kulifanya akishasikia habari hii, la kudhani kwamba kinachotakiwa ni kulitaja neno mara nyingi. Mwalimu anauliza, darasa linaitika. Anauliza tena, linaitika. Mara ya tatu ukuta unatikisika. Mwaka 2011 Karpicke na Althea Bauernschmidt walilichunguza hilo, tena kwa maneno ya Kiswahili. Neno likikumbukwa mara moja, kisha likaulizwa tena papo kwa papo mara kadhaa, nyongeza hizo hazikuleta faida juu ya ile mara moja. Likiulizwa baada ya mengine mengi kupita katikati, faida ilikuwa kubwa mno. Katika jaribio la 2008 nafasi hiyo ilikuwepo yenyewe, maana kati ya mashua na mashua kulikuwa na maneno mengine mengi, na mwanafunzi alikuwa ameanza kulisahau. Kule kuhangaika kidogo kulitafuta ndiko kunakofanya kazi. Robert Bjork wa chuo kikuu cha UCLA amekuwa akisema tangu miaka ya 1990 kwamba kuna ugumu unaotakiwa katika kujifunza, na huu ni mmoja wao.

Pwani jambo hili halijaanza na kompyuta. Katika vyuo vya Kurani mtoto anayehifadhi haachi sura siku aliyosikilizwa ikapita. Anaongezewa mpya, na zile za nyuma anaendelea kuzidurusu na kuzisoma kwa ghibu mbele ya maalim, msahafu ukiwa mikononi mwa mwingine. Akikwama, anaongozwa neno moja, anaendelea. Mwanafunzi huyohuyo asubuhi anakwenda shule, na huko mada ikishapita imepita mpaka mtihani wa mwisho wa muhula. Sijawahi kuelewa kwa nini taasisi mbili zinazomlea mtoto mmoja hazikuwahi kuazimana mbinu.

Najua jibu ambalo walimu wengi watalitoa: huko ni kukariri, na sisi tunataka watoto waelewe. Pingamizi hilo lina uzito. Jozi za maneno ni kitu kikavu. Mashua haikuhitaji kueleweka, ilihitaji kushikwa tu. Lakini Karpicke, akiwa Purdue University pamoja na Janell Blunt, alilipeleka swali hilo kwenye matini ya sayansi mwaka 2011. Wanafunzi walisoma maelezo juu ya fisi maji wa baharini. Baadhi walisoma mara moja, baadhi walirudia kusoma, baadhi walichora ramani ya dhana, yaani mchoro wa kuunganisha mawazo kwa mistari, huku matini iko mbele yao, na baadhi walifunika matini wakaandika kila walichokumbuka, kisha wakasoma na kuandika tena. Wiki moja baadaye waliofunika na kuandika waliongoza, hata katika maswali ya kuunganisha mawazo ambayo jibu lake halikuandikwa wazi katika matini. Na hata mtihani wenyewe ulipokuwa wa kuchora ramani ya dhana kwa kumbukumbu, bado waliongoza. Anayetaka kuelewa anahitaji kuwa na vitu kichwani vya kuvielewa. Kutofautisha sana kukumbuka na kuelewa kumetufanya tudharau kimoja bila kukipata kingine.

Mahali ambapo mimi ningekuwa mwangalifu ni hesabu na maswali ya hatua nyingi. Tamara van Gog na John Sweller waliandika mwaka 2015 kwamba faida ya kujipima hupungua, au hata kutoweka, kadiri mambo ya kujifunza yanavyoshikamana na kutegemeana. Karpicke na wenzake wakapinga, na mabishano hayo hayajafungwa. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuona mlinganyo ukikokotolewa, mfano uliokwisha kufanywa hatua kwa hatua una thamani kuliko kumwachia swali tupu. Pia tusisahau kwamba katika jaribio la St. Louis hakuna neno lililopimwa bila kwanza kufundishwa. Kumpa mtihani kila wiki mtoto ambaye hakufundishwa hakumjengi. Kunarekodi tu kwamba hajui. Na akiwa anakumbuka kidogo sana, masahihisho ya papo hapo ni lazima, la sivyo anajiimarishia makosa.

Vipi darasa la kweli, lenye kelele na watoto wasiolipwa kushiriki? Ng'ambo ya mto Mississippi kutoka St. Louis, katika mji mdogo uitwao Columbia, jimbo la Illinois, Roediger na wenzake, akiwemo Pooja Agarwal, waliingia kwenye shule ya kati. Katika somo la maarifa ya jamii la darasa la sita baadhi ya mambo yaliulizwa kwa chemsha bongo fupi zisizohesabika sana kwenye alama, mengine yalifundishwa tu, na mengine yalirudiwa kusomwa. Yaliyoulizwa yalikumbukwa vizuri zaidi, na tofauti ilidumu hadi mwisho wa muhula. Silabasi haikubadilishwa.

Sasa tuulete mkasa huu kwenye kidato cha kwanza cha shule ya serikali Tanzania. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anajua mmomonyoko wa udongo, uchavushaji, usanisinuru, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Januari anaingia sekondari na vyote hivyo vina majina mapya ya Kiingereza. Ni jaribio la St. Louis lililogeuzwa: kule Mmarekani aliambiwa mashua akatafuta jina lake la Kiingereza kwa ajili ya utafiti, huku mtoto anatafuta jina la Kiingereza la kitu anachokijua ili asifeli. Tofauti ni kwamba hapa maneno hayaishii 40, na hayaji kwa mpangilio.

Kwa kawaida mtoto huyu anafanya nini? Anaandika orodha nyuma ya daftari, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, anaisoma kutoka juu hadi chini. Anarudia. Baada ya mara kadhaa kila neno linaonekana rafiki, naye anajiona ameiva. Huyo ni kikundi cha tatu, mtu wa asilimia 36. Daftari lilelile, akiweka rula juu ya safu ya kulia na kuandika majibu kwenye karatasi ya kuchorachora, halafu akainua rula na kusahihisha, linamhamishia kikundi cha pili. Hakuna cha kununua. Ila ana kazi moja ngumu: asilifute neno kwa sababu amelipata leo. Kesho lirudi, keshokutwa lipumzike, wiki ijayo lirudi tena, na lisikae palepale kwenye orodha, maana kichwa ni kijanja, kinaweza kukumbuka nafasi ya neno badala ya neno.

Vijitabu vya mitihani iliyopita ni mfano mbaya zaidi, na vinauzwa kila stendi. Swali la NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, la miaka ya nyuma liko juu, jibu limechapishwa chini yake. Mwanafunzi analisoma swali, jicho linateremka lenyewe, anasema aah, hili nalijua. Anafungua ukurasa. Amesoma maswali mia mbili usiku mmoja na hajajibu hata moja. Ningekuwa mchapishaji ningepeleka majibu yote mwisho wa kitabu, tena kwa mpangilio wa kusumbua kidogo. Mzazi ambaye hajui somo lolote anaweza kusaidia hapa kuliko mwalimu wa tuisheni: achukue kile kijitabu, asome swali kwa sauti, afunike jibu kwa kiganja, asubiri. Asubiri kweli. Zile sekunde za kimya ambazo mtoto anatazama dari ndizo zinazolipa.

Kwa mwalimu mwenye watoto 80, swali la kwanza ni nani atasahihisha. Hakuna. Chemsha bongo ya namna hii haihitaji alama. Mwalimu anaingia, madaftari ya notsi yanafungwa, anaandika ubaoni maswali manne: mawili ya kipindi kilichopita, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Dakika tano, kila mtu anaandika mwenyewe, kimya. Kisha majibu yanasemwa, kila mmoja anajisahihisha. Swali la mwezi uliopita ndilo litakaloleta miguno, na ndilo lenye thamani kubwa. Hili ni tofauti na kuuliza darasa zima "tumeelewana?" likaitika "ndiyooo", na pia na kumchagua yule wa dawati la mbele anayejua siku zote. Yule mmoja amekumbuka. Wengine 79 wamesikiliza jibu lake, yaani wamesoma tu. Na kwa maoni yangu kiboko kikiingia hapo, mchezo umekwisha. Mtoto anayechapwa kwa kukosa atachungulia kwa jirani, na aliyechungulia hajakumbuka chochote.

Kuna utafiti mwingine wa maneno yetu ambao napenda kuutaja kwa kupita. Mwaka 2010 Mary Pyc na Katherine Rawson, wa Kent State University, waliwataka wanafunzi wabuni neno la kati la kuwaunganishia la Kiswahili na la Kiingereza. Neno wingu, kwa mfano, kwa masikio ya Mwingereza linakaribiana na wing, yaani bawa katika lugha yake, na bawa likampeleka angani. Waliokuwa wakipimwa walibaki na viunganishi bora kuliko waliokuwa wakisoma tu. Ukikosa, unagundua kamba uliyofunga ni mbovu, unafunga nyingine. Asiyejipima haigundui mpaka siku ya pepa.

Swali linalobaki ni mara ngapi inatosha. Rawson na Dunlosky walilipima mwaka 2011 kwa dhana za masomo ya chuo, na ushauri wao ni huu: siku ya kwanza endelea hadi umeikumbuka dhana kwa usahihi mara tatu, kisha urudi kujifunza upya mara tatu zaidi kwa siku zilizoachana sana. Kwa mada iliyofundishwa Februari na mtihani wa taifa wa kidato cha nne ulio Novemba, kurudi mara tatu si jambo la kutisha: mwishoni mwa Machi, Juni kabla ya likizo, Septemba.

Ugumu uko ofisini. Azimio la kazi tunalojaza mwanzoni mwa muhula lina mwezi, wiki, mada kuu, mada ndogo, vipindi. Kila mstari ni mada mpya. Mkuu wa shule akipita anauliza umefika wapi, na mkaguzi naye vivyo hivyo; hakuna anayeuliza mada ya Februari bado ipo vichwani. Mwalimu anayetoa dakika tano kwa mambo ya zamani anaonekana amechelewa kumaliza silabasi. Ningeruhusiwa kugusa kitu kimoja tu shuleni, ningegusa fomu hiyo: kila wiki iwe na safu ya mada ya zamani itakayoulizwa, ijazwe kwa peni siku ileile azimio linapojazwa, na mkuu wa shule aanze kuikagua kama anavyokagua nyingine.